Nestory Chenge, Fundi wa Milango Inayofunguka kwa Ndani

Ndugu waombolezaji, mwenye ratiba mkononi akifungua ukurasa wa tatu ataona maisha ya marehemu yamewekwa kwa mistari kumi na miwili, kisha maua. Ukurasa huo ufunikwe. Maisha hayo yaliandikwa kurasa sita za daftari na mdogo wake wa tumbo moja, Rebeka Chenge wa Mkuyuni. Nakala ikachukuliwa na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ndugu Obedi Nkwabi, kwenda kwa mpiga chapa, na ikarudi imekonda. Ndugu Obedi alieleza kwamba nafasi ilikuwa finyu. Ya maua ilipatikana. Rebeka hakubishana, maana alimshuku tangu alipojitolea kuipeleka mwenyewe, tena kwa haraka ile, na daftari lenyewe hakulitoa. Ndilo analosoma hapa, kwa miwani ya kuazima, na mtu akikohoa kwa makusudi ataendelea kusoma.

Kabla ya kufika kuzaliwa kwake litajwe jambo moja, ili kila mtu ajue anasikiliza nini. Marehemu ameacha mtoto mmoja, Jonathan, mwenye miaka tisa, ambaye mama yake naye alitangulia. Jana saa kumi alasiri, chini ya turubai hilihili, mzee wetu Nkwabi Ndalahwa, baba mkubwa wa marehemu, aliwaambia wazee wa ukoo: "Mtoto huyu nitaondoka naye. Kwangu chakula hakikosi. Baba yake nilimlea mimi, na huyu nitamlea." Wazee wakaitikia, "Umesema vema, mzee." Kikao cha ukoo kimepangwa kesho saa nne asubuhi kwa ajili ya kulipitisha. Rebeka aliomba nafasi ya kusema akaambiwa asubiri kesho. Kesho anaijua, kwa hiyo anasema leo.

Nestory Chenge Ndalahwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 katika kijiji cha Nyanguge, wilaya ya Magu, mtoto wa kwanza wa marehemu Chenge Ndalahwa na marehemu Teodora. Rebeka alimfuata baada ya miaka miwili. Baba yao alikuwa mkulima wa pamba, mtu wa utani, ambaye alikuwa akimtuma Nestory kwa jirani kuomba "mbegu za chumvi" na kumcheka akirudi mikono mitupu. Mtoto alikuwa akirudi anacheka pia. Anayesoma analitaja hilo kwa sababu wengi hapa hawakuwahi kumsikia Nestory akicheka, wakadhani ndivyo alivyoumbwa.

Baba yao alifariki kwa homa Mei 1984. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kutolewa, hivyo watoto walikuwa wa upande wa baba, na mama akarudi kwao Kwimba, ambako alifariki mwaka 1989. Kikao cha ukoo kilikaa kuamua watoto waende kwa nani. Hakikuchukua muda. Wazee walitazama nani ana vihenge vingi, wakaona mzee Nkwabi anavyo vinne, vyote vimejaa mtama na mahindi, wakasema watoto hawa wamebarikiwa. Hakuna aliyeuliza jambo lingine. Mtu mwenye chakula huhesabiwa mwema kwetu, na mpaka leo ndivyo tunavyohesabu.

Kwa vijana waliozaliwa mjini, kihenge ni ghala la nafaka lililofumwa kwa fito kama kapu kubwa na kuinuliwa juu ya mawe. Hakina mlango ubavuni. Kinaingiwa kwa juu, unapanda ngazi, unainua paa la nyasi, unashuka ndani. Ngazi ikiondolewa, aliye ndani ni wa humo mpaka irudishwe.

Mara ya kwanza ilikuwa Septemba 1986, ng'ombe walipoingia shamba la jirani wakati Nestory akiwachunga. Alipigwa kwa ubapa wa panga, kisha akaamriwa kuingia kihenge kilichokuwa kitupu. Alikaa humo siku mbili. Hakupigwa kwa hasira ya mara moja ikaisha. Ilikuwa desturi ya nyumba ile mpaka mwaka 1991, na kihenge kimoja kiliachwa kitupu kila msimu kwa kazi hiyo. Majirani walimsikia. Walisema Nkwabi anajua kulea, watoto wake wana adabu.

Aliyeagizwa kuondoa ngazi alikuwa Rebeka. Alikuwa na miaka minane mara ya kwanza na kumi na mitatu mara ya mwisho. Mtoto wa Kisukuma haulizi mkubwa kwa nini, hupokea agizo kwa mikono miwili, na yeye aliipokea ngazi ile akaenda kuilaza nyuma ya zizi. Hakumwambia mtu. Anawaambia leo, na anaona aibu, na hataki afarijiwe.

Elimu ya msingi marehemu aliipata katika shule ya kijiji kuanzia mwaka 1985. Alikuwa hodari wa hesabu. Lakini rejista ilimwandika mtoro, na kila aliporudi baada ya siku za kihenge alichapwa viboko vya utoro mbele ya wenzake. Hakusema alikuwa wapi. Aliulizwa na mwalimu mmoja, akajibu, "Nilikuwa nyumbani," na jibu hilo likamwongezea viboko viwili kwa ujeuri. Alimaliza darasa la saba mwaka 1991, na wiki iliyofuata akatoroka kwenda Mwanza kwa miguu na kwa lori la pamba.

Mjini alifanya kazi za nguvu maeneo ya Igogo, kubeba makreti ya samaki, kupakua saruji, kulinda. Hapa ratiba iliyochapwa inasema "alikuwa mchapakazi aliyependwa na wote." Mchapakazi alikuwa. Kupendwa, hapana. Alikuwa mgomvi, mtu wa ngumi ya ghafla, asiyeweza kuguswa begani kwa nyuma. Mwaka 1998 alimvunja mtu taya kwa sababu ya foleni ya bomba. Alilala uani hata wakati wa mvua, na wapangaji wenzake wakasema ana mashetani au anavizia kuku.

Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na Celestina Kokulinda, binti wa Kihaya kutoka Bukoba, mshonaji, mcha Mungu na mwenye ulimi usiokopesha. Celestina alimpenda kwa kuwa alikuwa msafi na hakunywa pombe. Akadhani asiyekunywa hapigi. Alipigwa. Ilikuwa kila mara alipofunga mlango wa chumba kwa ufunguo wakati mumewe yuko ndani, na ilimchukua muda kuliona hilo kwa sababu nani angelifikiria? Machi 2003 alipanda meli ya Bukoba akaenda kwao, na ndugu wa mumewe, Rebeka akiwemo, wakasema wanawake wa siku hizi hawavumilii. Hilo nalo Rebeka analiomba radhi, ingawa Celestina hayupo tena wa kuipokea.

Tarehe 19 Agosti 2004, katika ghala moja la samaki hapo Igogo, marehemu aliingia chumba cha baridi kupanga makreti. Karani wa mizani, Ponsian Muganyizi, akapita, akaona mlango uko wazi na baridi inapotea, akausukuma ukajifunga. Hakujua kuna mtu. Baada ya kama dakika kumi alisikia vishindo akaufungua. Nestory alitoka na kulabu ya kuvutia makreti mkononi, na Ponsian akapoteza jicho la kushoto.

Mahakamani aliulizwa ana nini la kujitetea. Akasema, "Alifunga mlango." Watu wakacheka. Hakimu akauliza tena, akajibu vilevile. Katika chumba kile kulikuwa na watu wawili waliojua maana ya jibu lake. Mmoja alikuwa Rebeka. Wa pili alikuwa mzee Nkwabi, aliyekaa kando yake kwenye benchi, ambaye aliinama akamnong'oneza, "Kaa kimya, usituaibishe." Rebeka akakaa kimya. Nestory akahukumiwa miaka saba.

Tangu hapo hadithi ya ukoo imekuwa kwamba marehemu "alisafiri." Kwenye ratiba mliyonayo, kuanzia mwaka 2004 hadi 2009 alikuwa "nje ya mkoa kikazi." Alikuwa gerezani, na kwa sehemu ilikuwa kikazi kweli, maana huko ndiko alikojifunza useremala. Afande mmoja mtu mzima, msimamizi wa karakana, aliona kwamba mfungwa huyu anatengeneza milango mizuri kuliko wote ila akifika kwenye komeo anaweka patasi chini na kuondoka. Mwingine angemwandika ukaidi. Yule afande alimvutia kiti, akamuuliza, "Komeo lina nini?" Na Nestory, akiwa na miaka thelathini na mmoja, akamweleza mtu kwa mara ya kwanza habari za kihenge. Alisema baadaye kwamba alimaliza kueleza akatapika. Afande akaagiza maji, akasema, "Basi wewe tutengenezee milango inayofunguka kwa ndani." Maongezi yao yaliendelea kila wiki kwa miaka miwili. Marehemu hakuwahi kuyaeleza yote, lakini kuna neno alilotoka nalo, akalirudia mpaka tukachoka kulisikia: "Sababu ninayo. Ruhusa sikuwa nayo."

Alitoka Julai 2009 kwa kupunguziwa theluthi ya kifungo, akafikia kwa Rebeka hapo Mkuyuni. Rebeka alimpokea kwa chapati na hofu. Chapati aliziweka mezani na visu akavificha. Kile kikubwa alikizika kwenye pipa la unga, na kwa siku tatu nyumba nzima ilikula mboga zilizokatwa kwa mikono, akisingizia kwamba ndivyo vitamini zinavyobaki. Siku ya nne kaka yake akamwambia, "Beka, kisu kiko kwenye unga. Nilikigusa juzi nikisonga ugali. Nimekirudisha palepale usije ukashtuka." Rebeka alicheka mpaka akalia. Lakini isisemwe kwamba hofu iliisha hapo. Aliendelea kumtazama kaka yake kwa jicho la pembeni kwa miaka mingi, na alikuwa na mazoea hayo hata siku alizomwandalia chai.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la Mkuyuni, na kazi ikampata haraka kwa sababu milango yake haikupinda. Mji mzima ukacheka kwamba mfungwa ndiye anatufungia nyumba. Alikuwa na masharti yake. Hakuweka komeo kwa nje kwenye chumba chochote anacholala mtu. Mteja akitaka, aliuliza, "Humo analala nani?" Ukimjibu stoo, aliomba kuiona hiyo stoo. Mama mmoja aliyetaka komeo la nje kwa chumba cha msichana wa kazi alirudishiwa mbao zake zote, na akaenda akitangaza kwamba fundi yule ana yake, kwa nini anataka vyumba vya wasichana visifungike? Maneno hayo yalizunguka. Wapo hapa waliobadilisha makufuli wiki hiyo. Wamevaa nyeusi leo na wanalia vizuri, lakini Rebeka hawanyooshei kidole sana, kwa kuwa na yeye alibadilisha lake.

Celestina alirudi mwaka 2012. Hakurudi kwa barua tamu, alirudi baada ya kuja kutazama mara tatu bila kutoa taarifa. Alitoa masharti mbele ya Rebeka: "Ufunguo utakaa kwangu. Ukiinua mkono, sisubiri ushuke." Marehemu akasema, "Sawa." Begi la Celestina lilikaa limefungwa chini ya kitanda kwa miaka miwili kamili, na marehemu alifagia kulizunguka kila asubuhi bila kuligusa. Siku Celestina alipotoa nguo akazipanga kabatini hakumwambia mtu sababu. Jonathan alizaliwa tarehe 2 Juni 2015.

Jumapili moja ya Oktoba 2016, watu wakiwa ibadani, duka la jirani lilivunjwa ikaibwa televisheni. Celestina alikuwa Bukoba na mtoto. Kabla ya saa saba mgambo walikuwa wamemkalisha Nestory chini katika ofisi ya mtaa, kwa hoja kwamba fundi wa milango ndiye mwenye funguo za watu. Mwenyekiti wa mtaa akamuuliza Rebeka, "Dada, alikuwa kanisani na wewe?" Rebeka akajibu, "Sikumwona." Lilikuwa neno la kweli, naye alilitoa kwa namna ambayo wote walielewa analofikiri. Alifikiri ni yeye. Kaka yake alimtazama mara moja tu, kisha akatazama sakafu.

Saa tisa ikafika pikipiki kutoka Buswelu. Akashuka mtu wa makamo, miwani myeusi, amekasirika. Alikuwa Ponsian Muganyizi.

"Nimeambiwa mmemkamata fundi," akasema. "Asubuhi alikuwa kwangu. Kila Jumapili huwa kwangu. Mkitaka ushahidi, mlango wa jikoni bado rangi haijakauka."

Mwenyekiti akamuuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni yule aliyetolewa naye jicho."

Hapo ndipo Rebeka alipojua kaka yake alikokuwa akienda kila Jumapili kwa miaka sita. Ponsian alieleza mwenyewe. Marehemu alianza kwenda mwaka 2010, akasimama nje ya geti, akafukuzwa, akarudi Jumapili iliyofuata. "Nilidhani amekuja kumalizia la pili," alisema Ponsian. "Nilifunga mbwa mlangoni. Miezi saba anasimama tu, hasemi samahani, hasemi chochote. Mvua ilipovimbisha mlango wangu nikamwambia, kama ni kusimama, simama na randa." Tangu siku hiyo alirekebisha milango yote ya nyumba ile, madirisha, na banda la kuku. Ponsian yupo nasi leo, safu ya tatu. Aliombwa juzi aseme kama alimsamehe marehemu, akatoa ruhusa jibu lake lisomwe: "Jicho ni langu, na sijaligawa. Lakini yule mtu aliacha kuniogopesha, na mimi nikaacha kumngoja na panga. Kama hiyo ina jina lingine, mchungaji atasema."

Mwizi wa televisheni alipatikana baada ya wiki. Alikuwa mpwa wa mwenye duka, na alipita dirishani. Hakuna aliyekwenda karakana kumwomba Nestory radhi isipokuwa Rebeka, tena kwa kuzunguka, akijifanya amekuja kuagiza stuli.

Celestina alifariki kwa shinikizo la damu Novemba 2020. Marehemu akabaki na mtoto wa miaka mitano, na Rebeka akarudia shughuli yake ya kuchungulia. Kila Jonathan alipokuja kwake alimvua shati, akisema anamwogesha, akamkagua mgongo. Hakuona alama hata siku moja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, marehemu alifika kwake saa sita mchana amemshika mtoto mkono, uso umebadilika. Jonathan alikuwa amechezea msumeno mpya akaukunja.

"Kaa naye siku tatu," akasema.

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Niliinua mkono, nikaona ule si mkono wangu. Kaa naye." Akaondoka. Alirudi siku ya tatu na msumeno wa mbao aliouchonga, akamwambia mwanawe huo ndio wa kukunja. Rebeka alianza kumwamini kaka yake siku hiyo, kwa kuwa aliogopa mkono wake mwenyewe kabla ya watu kuuogopa. Alikuwa amechelewa miaka kumi na miwili.

Julai 2024 marehemu alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa vidonda vya tumbo mpaka Oktoba, vipimo vilipoonyesha saratani iliyokwisha kuenea. Alilazwa mara tatu. Wauguzi walimzoea kama mgonjwa anayetaka kitanda cha karibu na mlango, pazia wazi, na ambaye siku ya pili alikuwa amekaza bawaba ya kabati la dawa bila kuombwa.

Jumapili tarehe 2 Februari 2025, baada ya ibada, alimwita Rebeka akae kitandani.

"Wasifu wangu uandike wewe," akasema. "Usinioshe kwa maneno. Watakaoniosha kwa maji wapo. Andika niliyotendwa na niliyotenda, Jonathan atakuja kusoma."

"Sawa, kaka."

"Na asiende Nyanguge."

"Kikao kikisema?"

"Kikao kilisema mwaka themanini na nne."

Rebeka akamwambia kwamba huenda mzee amebadilika, ana miaka themanini na mbili, hana nguvu. Marehemu akasema jambo ambalo Rebeka hakulijua: kwamba mwaka 2018 alikwenda Nyanguge peke yake kumuuliza mzee kwa nini. Mzee alimjibu kwamba naye alitiwa kihenge na babu yake, tena kwa siku nne, na kilimfanya mtu. Marehemu akasema, "Nilimhurumia, Beka, kweli nilimhurumia. Nikamwuliza, je, ilikuwa vibaya? Akasema haikuwa vibaya, ilimwandaa. Mtu anayesema hivyo bado ana kihenge. Simchukii. Mtoto simpi."

Hapo Rebeka akalia, akamwuliza swali alilolibeba miaka thelathini na minane. "Kaka, ulijua ni mimi niliyekuwa naondoa ngazi?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaondoka nayo unalia. Nikiwa mle ndani nilikuwa nasikia. Nikajua nje kuna mtu."

Nestory Chenge Ndalahwa alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa mbili na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, mlango wa wodi ukiwa wazi. Anazikwa hapa Buswelu kwenye kiwanja chake kwa wosia wake mwenyewe. Baadhi ya ndugu walitaka Nyanguge, na Rebeka alikataa kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

Ndugu Obedi alipoulizwa jana kwa nini alikata kurasa, alisema, "Dada Rebeka, wasifu si mahakama." Ni kweli. Mahakamani waliuliza mara mbili, hapa hakuna aliyewahi kuuliza hata mara moja. Anayesoma hamtukani mzee Nkwabi. Amemwamkia shikamoo asubuhi hii kwa kupiga goti, na atamwamkia tena kesho. Anasema tu yaliyotokea nyumbani kwake, na mzee mwenyewe yupo mbele, ana masikio mazuri, akiona pamesemwa uongo asimame.

Marehemu ameacha mwana, Jonathan Nestory, wa darasa la tatu. Ameacha mdogo wake, Rebeka Chenge. Ameacha baba mkubwa, mzee Nkwabi Ndalahwa, na binamu, ndugu Obedi Nkwabi, mwana wa mzee huyo. Ameacha pia ndugu Ponsian Muganyizi, ambaye si wa ukoo wala wa ndoa, lakini alikuja mwenyewe msibani akauliza jina lake litaandikwa wapi. Limeandikwa hapa.

Sasa wazee, kabla jeneza halijashuka. Kesho mtakaa chini ya turubai mkiwa mmeshiba, na marehemu hatakuwepo. Leo yupo. Mwenye kuona kwamba Jonathan aende kulelewa Nyanguge na asimame aliseme hapa, amwambie baba yake. Rebeka atalifunga daftari na kungoja kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu, taratibu, mpaka amina. Akisimama mtu, watajibizana hapahapa kaburini, na hatamwonea haya.

Asiposimama mtu, basi kikao kimekwisha kukaa, na ninyi nyote ni mashahidi. Jonathan ataondoka hapa na shangazi yake. Sare zake ziko Mkuyuni tangu Ijumaa, maana Rebeka hakuwaamini.

Lala, Nestory. Pumzika kwa amani uliyoitafuta kwa kazi.